Mashine Inalia Tii, Fedha Imekwenda: Imekwendaje?



Katika safari zetu za kutembelea madarasa ya kisomo tumekutana na swali moja karibu kila mahali. Wakulima wanaliuliza, wavuvi wanaliuliza, hata wenye maduka. Swali lenyewe ni hili: "Hizi kadi za kugusisha zinafanyaje kazi? Kadi haina waya. Haina betri. Haichomekwi popote. Unaisogeza tu, mashine inalia tii, na fedha imekwenda. Imekwendaje?"

Swali hili ni zuri. Tena linauma, maana fedha yenyewe ni ya jasho. Kwa hiyo leo tutalieleza polepole. Atakayechoka apumzike, kisha arudi palepale alipoishia.

Tuanze na mama mmoja wa darasa letu. Jina lake tunaliacha, kama alivyotuomba.

Mama huyu aliuza alizeti yake. Malipo yakapitia benki, na benki ikampa kadi. Siku moja alikwenda mjini kununua mafuta ya kula, sabuni na madaftari ya wajukuu. Jumla ilikuwa shilingi 14,500. Muuza duka akabonyeza mashine yake ndogo, akamsogezea.

"Gusisha hapa, mama."

"Siweki namba ya siri?"

"Hapana, mama yangu. Gusisha tu."

Akagusisha. Mashine ikalia. Mama akashukuru, akabeba mizigo yake mpaka stendi. Alipokuwa ndani ya basi, simu yake ikapokea ujumbe kutoka benki. Mama huyu alijifunza kusoma akiwa na miaka 46, na tangu hapo hakuna karatasi inayompita. Akausoma ujumbe. Zimetoka shilingi 41,500. Akausoma tena, tarakimu kwa tarakimu. Ni 41,500 kweli.

Kesho yake alirudi mjini. Nauli ya kwenda shilingi 4,000, ya kurudi shilingi 4,000. Muuza duka alifungua daftari lake, akaona ameandika 14,500. Akatazama nakala ya risiti ya mashine, akaona 41,500. Kumbe alikuwa amegeuza tarakimu mbili. Akaomba radhi, akamrudishia shilingi 27,000 mkononi. Nauli hakurudishiwa.

Kisa hiki tutakirudia baadaye. Kwanza tuingie ndani ya kadi.

DAINAMO YA BAISKELI

Wengi wetu tunaijua dainamo ya baiskeli. Ni kile kichupa cha chuma kinachoegemea tairi. Ndani yake mna sumaku, na karibu na sumaku mna waya mwembamba uliozungushwa mizunguko mingi. Waya wa namna hiyo huitwa koili. Gurudumu likizungusha sumaku, umeme unazaliwa kwenye koili, na taa inawaka. Angalieni jambo moja hapo: sumaku haiugusi waya. Iko karibu tu.

Aliyegundua jambo hili ni Mwingereza, Michael Faraday, mwaka 1831. Baba yake alikuwa mhunzi. Yeye mwenyewe alifundishwa kazi ya kujalidi vitabu, na elimu yake kubwa aliipata kwa kusoma vitabu vya watu alivyokuwa akivijalidi. Tumelitaja hilo kwa kupita, lakini tumefurahi kulitaja.

Sasa, mashine ya dukani nayo ina koili. Haina sumaku inayozunguka. Badala yake, umeme ndani ya koili unakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, mara 13,560,000 kwa sekunde moja. Yaani milioni kumi na tatu, laki tano na elfu sitini, kabla hujapepesa jicho. Umeme wa namna hiyo hufanya nguvu ya sumaku inayopanda na kushuka hewani, mbele ya mashine.

Kadi nayo ina koili yake, iliyofichwa katikati ya tabaka za plastiki. Kadi nyingine ukiimulika kwa tochi kali utaona kivuli cha waya huo ukizunguka pembeni. Ukiisogeza kadi karibu na mashine, nguvu ile ya sumaku inapita ndani ya koili ya kadi, na umeme unazaliwa humo, kama kwenye dainamo. Ni umeme kidogo sana. Hauwezi kuwasha taa ya baiskeli. Lakini unatosha kuamsha kipande kidogo kilichomo kwenye kadi, kiitwacho chipu. Chipu ni kama karani mdogo: inajua kuhesabu na inatunza kumbukumbu. Kadi ikiwa mfukoni, karani amelala. Kadi ikifika kwenye mashine, anaamka, anafanya kazi yake, na kadi ikiondolewa analala tena. Ndiyo maana kadi haihitaji betri. Inakula kwa jirani.

Mtu atauliza: sawa, kadi imeamka, inajibuje? Haina sauti, haina nguvu ya kurusha chochote.

Turudi kwenye baiskeli. Aliyepanda baiskeli usiku anajua kwamba ukiiegemeza dainamo kwenye tairi, pedali zinakuwa nzito. Ukiiondoa, zinakuwa nyepesi. Sasa fikiria mtu amekaa nyuma yako, anaiegemeza na kuiondoa: nzito, nyepesi, nzito, nzito, nyepesi. Wewe huioni mikono yake, lakini miguu yako inapata habari. Kama mmepatana mapema kwamba nzito maana yake ni hivi na nyepesi ni vile, amekuambia jambo bila kufungua mdomo. Kadi inafanya hivyohivyo. Inaongeza na kupunguza umeme inaokula, na mashine inahisi uzito huo. Mambo hayo hutokea kwa haraka mno. Ukiinua mkono, mazungumzo yamekwisha.

KWA NINI LAZIMA USOGEE

Kazi hii inafanyika katika umbali wa kama sentimita 4, karibu upana wa vidole viwili. Wataalamu wangeweza kutumia redio inayofika mbali. Hawakutaka. Nguvu ya sumaku ya koili ndogo hufifia upesi sana. Ukishatoka nje ya upana wa koili, kila unapozidisha umbali mara mbili, nguvu inabaki sehemu moja tu kati ya nane. Kwa hiyo kadi ya mtu anayesubiri nyuma yako haiwezi kukulipia kwa bahati mbaya, wala yako haiwezi kumlipia yeye.

Wazee waliozoea redio za masafa mafupi watapenda kujua kwamba mwendo huo wa 13,560,000 upo jirani kabisa na stesheni za mita 22. Ni mlango wa pili tu. Lakini stesheni zile hurusha mawimbi yakavuka bahari, na hii haivuki hata meza.

Njia hii kwa Kiingereza huitwa kwa herufi tatu, NFC. Maana yake ni mawasiliano ya karibu. Kampuni za Sony ya Japani na Philips ya Uholanzi zilipatana kuitengeneza mwaka 2002, na mwaka 2004, pamoja na Nokia ya Ufini, zikaanzisha chama cha kusimamia kanuni zake. Msiichanganye na fedha za simu tulizozizoea, kama M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Ile husafiri kupitia mnara wa simu, na wewe huandika namba ya mpokeaji. Hii huandiki namba ya mtu yeyote. Unasogea tu.

MUHURI WA MARA MOJA

Hapa ndipo penye roho ya jambo lenyewe, tusome kwa makini.

Kadi za zamani zina utepe mweusi mgongoni. Utepe ule husema maneno yaleyale kila siku. Mwizi akiunakili mara moja, amepata kadi yako ya pili. Chipu haifanyi hivyo. Mashine inaiambia chipu mambo kadhaa: kiasi cha fedha, tarehe, na namba moja ya kubahatisha ambayo haijapangwa na mtu. Chipu inachukua hayo yote, inaongeza hesabu ya mara ngapi imewahi kutumika, halafu inayachanganya na siri iliyomo ndani yake. Siri hiyo haitoki nje. Hata mashine haiambiwi. Kinachotoka ni jibu la hesabu hiyo, nasi tutaliita muhuri. Benki, ambayo inaijua siri, inafanya hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana, fedha inalipwa.

Muhuri huo ni wa malipo hayo tu. Mtu akiunasa na kuupeleka tena kesho, benki itaona hesabu imekwisha kupita, na itaukataa. Ni kama stakabadhi ya ghala iliyokwisha kupigwa alama: haichukui gunia mara ya pili.

Sasa mmemkumbuka mama yetu? Kiasi cha fedha kimo ndani ya muhuri. Maana yake muuza duka hawezi kubadilisha bei baada ya wewe kugusisha. Hilo ni jema. Lakini akiwa amekosea kabla hujagusisha, chipu itapiga muhuri kosa lake, kwa uaminifu kabisa. Chipu haijui bei ya sabuni. Anayeijua ni wewe, na bei imeandikwa kwenye kioo cha mashine kwa tarakimu. Siku ile mashine ilikuwa imemwelekea muuza duka. Siku hizi mama anasema, "Mwanangu, nigeuzie niione." Anasoma kwa sauti: kumi na nne elfu na mia tano. Ndipo anatoa kadi.

Hatuoni kwamba hiyo ni kumkosea adabu mwenye duka. Hata mizani tunaitazama.

MANENO YA MITAANI

Tumesikia mengi. La kwanza: ati wapo watu wanaopita sokoni na mashine kwenye mfuko, wakikupapasa kidogo fedha zako zimenyonywa. Je, ni kweli? Kwa elimu ya kadi, mashine ikifika vidole viwili kutoka kwenye kadi, kadi itaamka. Hilo haliwezi kukanushwa. Lakini mashine ya kulipia si kitu cha kuokota. Inasajiliwa kwa jina la mfanyabiashara, na fedha inaingia kwenye akaunti yake benki. Mwizi wa namna hiyo anaacha anwani. Tena kadi mbili zikiwa pamoja kwenye pochi, mashine mara nyingi inachanganyikiwa, maana zote zinaamka na kujibu kwa pamoja.

Mzee mmoja wa kisomo anafunga kadi yake kwa ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Wenzake walimcheka, na sisi, tuseme ukweli, tulitabasamu. Lakini mzee yuko sahihi. Nguvu ya sumaku inayobadilika ikikuta bati au karatasi ya alumini, umeme unazaliwa ndani ya bati hilo na kuipinga. Kadi iliyofungwa vizuri namna hiyo haisikii kitu. Wala haiharibiki.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kawaida sana: kadi kupotea. Malipo madogo hayaulizi namba ya siri. Aliyeiokota anaweza kugusisha, na kugusisha tena, mpaka kifike kiwango ambacho benki imekiweka. Baada ya hapo mashine inadai namba ya siri. Viwango hivi si vya nchi moja na nyingine sawa, na hubadilika. Uingereza, kwa mfano, mwaka 2007 kiwango kilikuwa paundi 10 kwa malipo moja. Kilipanda kidogo kidogo hadi mwaka 2020 kikawa paundi 45, na Oktoba 2021 kikawa paundi 100. Kwa hiyo siku ya kupewa kadi, uliza pale dirishani: kiwango chenu ni kiasi gani bila namba ya siri? Na ikipotea nipige namba gani? Uiandike namba hiyo kwenye daftari, si kwenye kadi.

Walio na simu za kisasa zenye mtambo huu wana ulinzi zaidi. Kwa kawaida simu hailipi malipo ya dukani mpaka mwenyewe aifungue kwa kidole, uso au namba. Tena simu haitoi namba halisi ya kadi. Inatoa namba ya badala, na hiyo ndiyo anayoiona mwenye duka.

MABASI, VIVUKO NA MABOMBA

Mambo haya hayakuanza madukani. Yalianza kwenye usafiri, kwa sababu ya foleni. Tarehe 1 Septemba 1997 mji wa Hong Kong ulianza kutumia kadi iitwayo Octopus, yaani pweza. Pweza ana mikono minane, na jina la kadi hiyo kwa Kichina lina maana ya kufika kila upande, pande zote nane. Abiria anaweka fedha mapema, salio linakaa ndani ya kadi yenyewe, na geti linakata nauli palepale bila kusubiri jibu la benki. London ilianza na kadi yake mwaka 2003. Ilipofika Julai 2014, mabasi ya mji ule yaliacha kabisa kupokea fedha taslimu.

Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2015 katika mabasi ya Kigali, kwa kadi ya Tap&Go. Abiria anapanda, anagusisha, anakaa. Lakini Nairobi mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2013 kampuni ya Google na benki ya Equity zilileta kadi ya BebaPay kwa ajili ya matatu. Kadi ilikuwa nzuri. Mwaka 2015 ikafungwa. Kwa maoni yetu, tatizo halikuwa chipu. Fedha ya matatu hugawanywa siku ileile: mafuta, kondakta, dereva, mwenye gari. Kadi inaipeleka benki kwanza. Kondakta akimaliza siku hana noti mkononi, ataipenda kadi ya nini? Kwa hapa Tanzania, waliovuka Kigamboni kwa kivuko, au kuingia uwanja wa Benjamin Mkapa, wameiona N-Card.

Kilichotuvutia zaidi sisi ni maji. Katika baadhi ya vijiji vya Tanzania na vya Gambia yapo mabomba ya kampuni ya eWATER. Mwanakijiji ana kitufe kidogo cha plastiki chenye chipu na koili, kama kadi. Anakwenda kwa wakala, mara nyingi ni mwenye duka. Wakala anapokea fedha, anagusisha kitufe kwenye simu yake, na kitufe kinajazwa salio. Kule bombani unakigusisha, maji yanatoka, salio linapungua kadiri ndoo inavyojaa. Ukikiondoa, maji yanasimama. Fedha haishikwi na mtu pale bombani, na hesabu inabaki. Waliowahi kukaa kwenye kamati ya maji wanajua ugomvi wa daftari la bomba ulivyo. Lakini kitufe hakina huruma. Salio likiisha, kinakunyima maji, uwe mgonjwa au uwe na mgeni. Zamani ungemwambia msimamizi, "Nitaleta kesho, dada," akakuelewa. Kijiji kinachopanga kuleta mabomba ya namna hii kingepatana hilo kwanza, kabla mafundi hawajafika.

MSHENGA

Mbali na fedha, njia hii hupeleka habari. Baadhi ya simu zikigusana zinaweza kupeana jina, namba au anwani. Lakini isibebeshwe mzigo mkubwa. Mwendo wake wa kawaida ulio wa juu ukiutumia kupeleka picha moja nzuri ya simu, utasubiri karibu dakika nzima huku simu zimegandana. Kwa hiyo wataalamu wameifanya iwe mshenga. Inakutanisha vyombo viwili, inavipa majina na siri ya kutambuana, kisha inajitoa. Mzigo wenyewe unachukuliwa na njia nyingine yenye nguvu zaidi, kama Bluetooth. Ndivyo simu na spika mpya zinavyopatana kwa kugusana mara moja.

Vipo pia vibandiko vidogo vyenye chipu, vya kubandika ukutani au kwenye kifaa. Aina moja ndogo hubeba kama herufi 144, sawa na sentensi mbili au tatu. Simu ikikigusa, maneno yanatokea.

Na ipo pasipoti. Pasipoti mpya za Tanzania, zilizozinduliwa Januari 2018, zina chipu ya namna hii, na ndani yake mna picha na maelezo ya mwenyewe. Mtu mmoja alituuliza kama mwizi anaweza kuisoma ikiwa ndani ya mfuko. Waliotengeneza walilifikiria. Chipu ya pasipoti haimfungulii mtu yeyote mpaka mashine ioneshe kwamba imekwisha kusoma maandishi yaliyopigwa chapa kwenye ukurasa wa picha: namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa kutumika. Ndiyo maana ofisa wa mpakani huifungua kwanza, anaulaza ukurasa ule juu ya kioo, na baada ya hapo ndipo chipu inaamka na kusema.